Safari isiyo na sababu

*Arusha imezoea kuwapokea watu walioacha kazi na nyumba zao wakaamua kuzunguka dunia. Kijana wa Arusha akitaka kufanya hivyo, nyumbani na ofisini anakutana na swali moja: unaenda kufanya nini?*

MASIKA yakishakatika, kuanzia Juni, magari ya namna yake huanza kuonekana kwenye mzunguko wa Mnara wa Saa, katikati ya jiji la Arusha. Ni Land Cruiser za zamani zilizofungwa hema juu ya paa, malori yaliyokuwa ya jeshi na sasa ni nyumba yenye kitanda na jiko, pikipiki kubwa zenye masanduku ya bati pande zote mbili. Namba ni za Ujerumani, Uholanzi, Uswisi, Afrika Kusini. Mengine yamechorwa ubavuni ramani ya Afrika, na mstari mwekundu unaopita nchi zilizokwisha kukanyagwa.

Gari la namna hiyo likiingia mjini, kituo cha kwanza mara nyingi ni gereji. Barabara zimeshalegeza springi, bushi zimekwisha, shokomzoba zinavuja. Fundi anatandika boksi chini, analala chali, anaingia uvunguni na spana yake. Mwenye gari anapewa kiti cha plastiki kivulini na kikombe cha chai ya rangi, na mazungumzo yanaanza.

Mafundi wa Sakina na Unga Limited waliozoea wateja hao wanaijua hadithi, maana haibadiliki sana. Mtu alikuwa mwalimu, au mhasibu, au muuguzi. Alikuwa na nyumba. Akaiuza au akaipangisha, akaacha kazi, akanunua gari, akaingia barabarani. Ukimuuliza anarudi lini, hajui. Ukimuuliza anakwenda kufanya nini huko aendako, anasema anakwenda kuona.

Jibu hilo linamtosha mpakani na kambini. Hata fundi huridhika nalo. Nimeandika makala haya kwa sababu jibu hilo hilo halimtoshi kijana aliyelala chini ya gari.

Mji wa wapitaji

Arusha imepitiwa na watu tangu zamani. Wenyeji hupenda kusema kwamba Mnara wa Saa umesimama nusu ya njia baina ya Cape Town na Cairo. Wapima ramani wanaweza kubishana juu ya hilo, lakini barabara yenyewe ipo: inatoka kusini kupitia Iringa, Dodoma na Babati, inapita Arusha, inatokea Namanga kwenda Nairobi. Ndiyo njia wanayoifuata wasafiri wa magari hadi leo, na wengi wao hulala kwenye kambi za hema kama ile ya Meserani, kilomita zipatazo 25 magharibi mwa jiji.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Makaburu walifika hapa wakitokea Afrika Kusini, baada ya vita vyao na Waingereza, na Wajerumani wakawapa ardhi kuzunguka Mlima Meru. Mwaka 1907 alifika Margarete Trappe, Mjerumani aliyefanya shamba Momella. Ni Momella hiyo hiyo ilikopigwa filamu ya Hatari!, iliyotoka mwaka 1962. Mmoja wa waigizaji wake, Hardy Krüger, alipapenda kiasi cha kununua ardhi na kuishi huko miaka kadhaa.

Si wote walikuja kwa hiari. Pete O'Neal, aliyekuwa kiongozi wa Black Panther huko Kansas City, aliikimbia Marekani mwaka 1970 baada ya kuhukumiwa kwa kosa la kusafirisha bunduki. Alipitia Sweden na Algeria, akafika Tanzania mwaka 1972. Yeye na mkewe Charlotte walijenga maisha katika kijiji cha Imbaseni, upande wa Usa River, wakaanzisha kituo cha kufundishia vijana. Kwake yeye Meru ilikuwa mwisho wa mbio, na mlango wa kurudi alikotoka ulibaki umefungwa.

Uhuru wa wageni wa mwanzo ulikuwa na gharama, na waliolipa ni wenyeji. Mwezi Novemba 1951 serikali ya Kiingereza iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki ili ardhi ikatwe mashamba 13 ya walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Anayewasifu watu walioacha vyote wakaja kuishi kwa uhuru chini ya mlima huu lazima akumbuke pia nani alihamishwa ili wapate nafasi.

Safari ya Kirilo

Kutokana na dhuluma hiyo ikatoka safari maarufu kuliko zote zilizowahi kuanzia Meru. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, kijana Mmeru, alisafiri hadi New York kuwasilisha shauri la ardhi mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Alisimama huko pamoja na Earle Seaton, mwanasheria mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Fedha zilichangwa na Wameru wenyewe.

Umoja wa Mataifa haukuwarudishia ardhi. Lakini Kirilo aliporudi alizunguka Tanganyika akieleza alichokiona na alichokisema, na watu wengi walisikia kwa mara ya kwanza kwamba Mwafrika anaweza kwenda kumshitaki mtawala mbele ya dunia.

Nimeileta habari hii kwa sababu naamini imeweka kipimo ambacho bado kinatumika mlimani. Safari ya heshima ni ile yenye shabaha, iliyobarikiwa na wazee, iliyochangiwa na wengi, na msafiri anarudi na neno la kuwaambia waliomtuma. Anayeondoka kijijini Poli au Akheri kwenda chuo, kwenda kutibiwa au kwenda kuhiji anaombewa dua na kushikwa mkono. Anayeondoka kwenda kuona tu hana wa kumwombea.

> Anayeondoka kwenda chuo, kutibiwa au kuhiji anaombewa dua. Anayeondoka kwenda kuona tu hana wa kumwombea.

Lakini ukirudi nyuma zaidi ya Kirilo, mambo hayakuwa hivyo kabisa. Wamasai, na Waarusha walioshika kilimo kwenye miteremko ya Meru huku wakiendelea na utaratibu wa marika wa Kimasai, walikuwa na muda maalumu wa ujana. Baada ya tohara moran alitembea. Alichunga mbali, alilinda, aliijua nchi, na hakuna aliyemtaka awe na mke na boma kabla wakati wake haujafika. Jamii ilijua kwamba mtu huona kwanza, ndipo hutulia, na ilitenga miaka ya ujana kwa kazi hiyo.

Shule, kanisa, kahawa na uhaba wa ardhi viliibana miaka hiyo. Shamba la migomba na kahawa likigawanywa kwa watoto wa kiume kizazi hadi kizazi, wa mwisho anaambulia vipande. Kuondoka kukawa ni kwenda kutafuta. Vijana wa Kimasai wanaosuka nywele na kulinda majengo Dar es Salaam na Zanzibar ni wasafiri wakubwa kuliko karibu kila mtu ninayemfahamu, ila kila mara wanapoondoka inabidi waseme wanakwenda kutafuta maisha.

“Kiwanja umeshanunua?”

Katika familia nyingi za Arusha maisha ya kutulia yana ngazi zinazojulikana: ajira, kiwanja, msingi, ndoa. Kijana anayekaribia miaka 30 na hajapata kiwanja Moshono, Olasiti au Kisongo anaulizwa kwenye kila msiba na kila kikao cha harusi. Akisema akiba yake ni ya kwenda kuona Maporomoko ya Victoria, wakubwa hunyamaza, kisha mmoja anauliza kama kweli yuko sawa.

Wazee hao si wakorofi. Wana hesabu yao, nami nimeisikiliza. Mshahara wa mmoja unalipa ada ya mdogo wake, dawa za presha za mama, mchango wa harusi ya binamu na rejesho la kikoba. Mjerumani aliyeuza nyumba ana mama mwenye pensheni na bima ya afya. Kijana wa Usa River ndiye pensheni yenyewe. Akiondoka miezi minane, kuna mtu atakosa dawa. Wanaowaambia vijana waache kila kitu wafuate ndoto yao huwa hawaigusi hesabu hii, na kutoigusa ni kutowatendea haki wanaobaki nyumbani.

Sheria nayo inaelemea upande wa kubaki. Aliyeajiriwa kwa mshahara wa mwezi akitoa notisi ya siku 28 yuko huru kuondoka. Lakini fao la kukosa ajira linalotolewa na mifuko ya hifadhi ya jamii, theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita, ni la aliyepoteza kazi bila kupenda. Aliyeacha kwa hiari yake halimhusu. Aondoke na akiba aliyonayo mfukoni.

Ziko siku 28 za likizo ya mwaka ambazo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa. Kwa siku hizo mtu anaweza kufika mbali. Lakini watu wa kaskazini tunajua siku hizo ni za nani. Ni za Desemba, ni za kurudi kwa wazazi, kupaka rangi nyumba, kuchinja mbuzi na kukaa vikao vya ukoo. Ni safari nzuri na sina neno dhidi yake. Ila kwa mfanyakazi wa kawaida ndiyo safari pekee ya mwaka mzima.

Vijana nao wana hoja, na hoja yao nzito kuliko zote ni mwaka 2020. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii 1,527,230. Mwaka uliofuata, kwa sababu ya korona, walikuwa 620,867. Katika Arusha nambari hizo zilikuwa na sura: madereva waliorudisha funguo za magari, wapishi wa kambi waliorudi shambani, mahoteli yaliyofunga milango. Watu waliokuwa na kazi nzuri, waliofuata ngazi zote kwa utaratibu, waliamka hawana kitu. Aliyeyaona hayo akiwa na miaka 22 anashindwa kuelewa kwa nini aahirishe maisha yake yote kwa ajili ya ajira ambayo aliiona kwa macho yake ikiyeyuka ndani ya mwezi mmoja.

Na kuna jambo lingine linalowauma, nalo ni la hapa hapa Arusha. Jiji hili limejaa watu wanaosafiri kila wiki bila kusafiri. Dereva wa watalii anaijua Serengeti kwa kila jabali, amelala Ndutu na Lobo, amewaona nyumbu wakivuka Mto Mara. Lakini mwendo ni wa mteja, saa ni za mteja, na kituo cha mwisho amekichagua mteja.

Hilo si jipya kwetu. Mwaka 1896 Salim bin Abakari alifika Siberia, na maelezo yake ya theluji, ya mito na ya watu aliowakuta yakachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1901 katika kitabu cha Safari za Wasuaheli kilichokusanywa na Carl Velten. Ni kati ya maandishi bora ya safari katika lugha yetu. Naye alikwenda kama mtumishi wa Mjerumani.

Dirishani

Tuseme kijana ameshawaaga wazee, ndugu yake amekubali kubeba dawa za mama, akiba ipo. Anahitaji pasi ya kusafiria.

Pasi ya kielektroniki ilizinduliwa Januari 31, 2018. Ada yake ni Sh150,000 na inadumu miaka 10. Maombi hujazwa kwenye mtandao, kisha mwombaji huenda ofisi ya Uhamiaji na bahasha yake. Ndani ya bahasha mna namba ya kitambulisho cha Taifa, cheti chake cha kuzaliwa, cheti cha kuzaliwa cha mzazi au kiapo, na picha. Halafu kuna kiambatisho kinachowakwamisha wengi: ushahidi wa safari.

Anayekwenda kusoma ana barua ya chuo. Mfanyabiashara ana leseni. Mgonjwa ana barua ya hospitali. Anayetaka kuiona dunia hana barua ya kuambatisha, kwa sababu hakuna aliyemwita.

Vijana wengi walionieleza habari zao waliishia hapo. Wengine walimwomba rafiki aliyeko Nairobi aandike mwaliko wa harusi isiyokuwapo. Wengine waliahirisha hadi wapate safari ya kweli, na safari ya kweli ikija, muda wa kusubiri pasi unaila.

Upande wa Uhamiaji una sababu zake, na baadhi ni nzito. Watanzania, hasa wasichana, wamepelekwa ng'ambo kwa ahadi za kazi wakanyang'anywa pasi walipofika. Ndiyo maana tuna sheria ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu tangu mwaka 2008. Mkoa wa Arusha pia una mpaka mrefu, na huko Longido na Namanga ndugu wa boma moja wanaweza kuwa raia wa nchi mbili. Ofisa anayehoji kwa makini analinda heshima ya pasi ya wote.

Nakubali mwombaji ahojiwe uraia. Ahakikiwe jina, umri, wazazi, alama za vidole. Lakini sababu ya safari haimkamati mfanya biashara ya binadamu. Wakala wa namna hiyo ndiye mwenye barua nzuri kuliko zote, yenye muhuri, jina la kampuni na tiketi ya ndege. Anayekwama dirishani ni yule asiye na wakala, anayesema ukweli kwamba anataka kutembea.

> Wakala mwovu ndiye mwenye barua nzuri kuliko zote. Anayekwama dirishani ni anayesema ukweli kwamba anataka kutembea.

Ibara ya 17 ya Katiba inampa raia haki ya kwenda atakako ndani ya Jamhuri ya Muungano, na haki ya kutoka nje na kurudi. Haikutaja kwamba awe na mwaliko. Mgeni anayeshuka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro analipa dola 50 za viza, Mmarekani dola 100, na kwenye fomu yake neno “utalii” linahesabika kuwa sababu kamili. Ninachotaka ni neno hilo lipewe uzito ule ule linapoandikwa na Mtanzania.

Kwa msichana kuna swali la pili, nalo huanzia nyumbani: unaenda na nani? Akisema peke yake, mjadala unakuwa wa tabia yake. Hofu ya usalama ni ya haki, na msichana mwenyewe anaijua kuliko anayemuuliza. Anajua asishuke stendi ngeni usiku, anajua kumtumia dada yake namba ya basi. Kinachomchosha ni kuonekana mhuni kwa sababu ya kutaka kile ambacho kaka yake akikitaka anaonekana jasiri.

Kaskazini na kusini

Mwenye pasi mkononi ana dunia kubwa kuliko anavyodhani, na ni jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Katika Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi haombi viza, na utaratibu wa soko la pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki unamruhusu kukaa hadi miezi sita kama mgeni. Upande wa kusini ni vizuri zaidi: Zambia, Malawi, Msumbiji, Zimbabwe, Botswana, Namibia na Afrika Kusini zote zinampokea bila viza kwa matembezi. Mtu anaweza kupanda basi Arusha, akavuka Tunduma, akaenda kwa basi hadi Cape Town bila kuomba viza hata moja. Atahitaji kadi ya chanjo ya homa ya manjano, fedha za kuonyesha mpakani na uvumilivu wa safari ndefu.

Kuelekea Ulaya mambo ni mengine. Ada ya viza ya Schengen ilipandishwa Juni 2024 kutoka euro 80 hadi 90, na ukinyimwa hairudi. Ubalozi unataka taarifa ya benki, barua ya mwajiri na kila ushahidi kwamba utarudi. Aliyeacha kazi ili asafiri hana barua ya mwajiri, kwa hiyo hasafiri. Marekani nayo, mwaka 2025, iliiingiza Tanzania katika orodha ya nchi ambazo mwombaji wa viza ya matembezi anaweza kutakiwa kuweka dhamana ya hadi dola 15,000. Jessica Nabongo, binti wa Waganda aliyezaliwa Detroit, alikamilisha nchi 195 mwezi Oktoba 2019. Bidii yake ni kubwa na naiheshimu, lakini anao uraia wa Marekani, na bila pasi ya aina hiyo hesabu ya nchi zake ingekwenda polepole sana.

> Ubalozi unataka ushahidi wa maisha yale yale ambayo msafiri anataka kuyaacha.

Penye milango iliyofungwa, watu hupita madirishani. Kwa miaka mingi vijana wa Kitanzania wamezamia meli kutoka bandari za Dar es Salaam, Durban na Cape Town, wakijificha kwenye makontena na matundu ya nanga. Wengine walifika Ulaya. Wengine walitoswa baharini. Nimewasikia watu wakiwaita wahalifu tu, na siwezi kukubaliana nao. Wengi wao walikuwa na hamu ile ile ya yule mhasibu mwenye hema juu ya paa, ila hawakuwa na karatasi.

Legson Kayira hakuwa nazo pia. Mwaka 1958 aliondoka kijijini kwao Nyasaland kwa miguu, akaivuka Tanganyika hadi Mwanza, akapita Uganda, akafika Khartoum ambako alipata viza ya Marekani. Kama angesimama mpakani leo na viatu vyake vilivyotoboka, angerudishwa.

Kilomita 110

Wanaofanikiwa huanza karibu. Jumamosi alfajiri utaona Noah na Coaster zimejaa vijana waliochangishana kwa simu, zinakwenda Chemka kuogelea, au Ngare Sero ili usiku wapande Ol Doinyo Lengai na kuona jua likichomoza juu ya Ziwa Natron. Wapo walioanzia huko wakaendelea hadi Kigali, hadi Lusaka, hadi Windhoek. Kati ya hao wapo waliorudi wakaomba kazi upya na wakapata. Wapo pia waliorudi na madeni na ndugu walionuna. Sitawaficha hao, kwa sababu anayepanga kuondoka ana haki ya kuwajua.

Wazazi wa Arusha nina ombi kwenu. Kijana mwenye akili timamu, mwenye akiba yake, aliyepanga nani atamhudumia bibi akiwa hayupo, mpeni mwaka mmoja. Wazee wa Kimasai na Waarusha waliwapa vijana wao miaka mingi zaidi, na bado vijana hao walirudi wakawa wazee.

Ombi kubwa zaidi ni kwa walio ofisini. Namanga iko kilomita zipatazo 110 kutoka Arusha. Mpaka huo ulifungwa mwaka 1977 Jumuiya ya kwanza ilipovunjika, na haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Arusha inakumbuka biashara na udugu vilivyokufa miaka ile. Desemba 2018 marais wa Tanzania na Kenya walizindua pale kituo cha pamoja cha huduma za mpakani, na foleni ikapungua. Hatua iliyobaki ni ya karatasi. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana raia wao wavuke kwa kitambulisho cha Taifa. Tanzania haikuwamo, ingawa mkataba wa soko la pamoja, unaotumika tangu Julai 1, 2010, unaruhusu nchi zilizokubaliana kufanya hivyo.

Idara ya Uhamiaji ikubali “matembezi” kuwa sababu ya kutosha ya kupewa pasi. Serikali iingie katika utaratibu wa vitambulisho. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa hapa Arusha, na fundi wa Sakina mwenye kitambulisho cha Taifa bado hawezi kukitumia kuvuka Namanga.